Maswali ya Mwanjelwa Yaliyokosa wa Kuyajibu

Wataalamu wa afya wanapokaa kujadili kwa nini watu wazima wa miji yetu ya nyanda za juu kusini walisuasua kuchanja wakati wa UVIKO-19, sababu hutajwa haraka haraka: elimu ndogo, uzushi wa mitandaoni, imani za dini. Kikao hufungwa kwa azimio la kutoa elimu zaidi kwa umma, na kesho yake gari la matangazo hupita mitaani na kipaza sauti chake. Kwa muda mrefu nimewasikiliza watu wa Mbeya wakilizungumza jambo hili, sokoni, ndani ya bajaji, msibani, na maelezo hayo hayaniingii. Watu hawa walijua mengi. Walikuwa na maswali, mengine mazito kuliko majibu yaliyochapwa kwenye vipeperushi, na aliyepaswa kuyajibu hakuwepo.

Ushahidi wa kwanza upo kwenye milango ya nyumba zetu wenyewe. Februari 2022 Malawi ilitangaza kisa cha polio mjini Lilongwe, polio ya kirusi cha asili ambayo bara la Afrika lilikuwa limeshathibitishwa kuondokana nayo mwaka 2020. Kutoka Kasumulu ukivuka mpaka upo Malawi, kwa hiyo mwezi uliofuata timu za wachanjaji zilipita nyumba kwa nyumba katika mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma zikiwapa matone watoto wa chini ya miaka mitano. Wakati huohuo mabishano juu ya sindano ya Korona yalikuwa bado moto vijiweni. Mama aliyekuwa ameapa kwamba hiyo ya watu wazima haitamgusa, ndiye aliyembeba mwanawe hadi kibarazani, akamfungua kinywa, kisha akamwonyesha jirani kidole cha mtoto kilichopakwa wino ili wachanjaji wasimrudie. Mtu asiyejua chanjo ni nini hafanyi hivyo. Wala aliyerogwa na uzushi wa WhatsApp hafanyi hivyo, maana uzushi dhidi ya matone ya polio nao upo, na ni wa zamani kuliko WhatsApp yenyewe.

Tofauti ya chanjo hizi mbili ni historia. Mpango wa taifa wa chanjo kwa watoto ulianza mwaka 1975, na kwa hiyo bibi, mama na mjukuu wa nyumba moja ya Ilomba wote wamepita mikononi mwake. Bibi anakumbuka surua ilivyokuwa inazoa watoto kijijini Rungwe. Mama ana kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, begani. Mtoto ana kadi ya kliniki, na muuguzi anayempima uzito anamjua mama yake tangu ana mimba. Akiuliza swali, hata la kijinga, atajibiwa, na mwezi ujao atarudi kuuliza jingine. Chanjo ya Korona ilimfuata mtu mzima ambaye hana kadi, hana kliniki na hana muuguzi anayemjua kwa jina.

Tena ilimfuata baada ya mwaka mmoja na nusu wa maneno yaliyopingana, na hapa lazima historia isemwe bila kuizunguka. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa 16 Machi 2020. Takwimu za mwisho, wagonjwa 509 na vifo 21, zilitolewa mwanzoni mwa Mei mwaka huohuo, kisha kimya. Wakati huo huo Rais John Magufuli akaeleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara zimerudi na majibu kuwa zina virusi, na Juni akasema nchi imeondokana na ugonjwa. Januari 2021, akiwa Chato, akazitilia shaka chanjo zenyewe. Siku chache baadaye Waziri wa Afya, Dk. Dorothy Gwajima, akasema hakuna mpango wa kuzipokea. Machi 17 Rais akafariki. Rais Samia Suluhu Hassan akaunda kamati ya wataalamu, kamati ikapendekeza chanjo, na Julai 24 dozi 1,058,400 za chanjo ya Korona iitwayo Janssen zikashuka uwanja wa ndege Dar es Salaam. Julai 28 Rais akachanjwa mbele ya kamera, na mwanzoni mwa Agosti mikoa ikaanza.

Kutoka Januari hadi Julai ni miezi sita. Ndani ya miezi hiyo muuza mitumba wa soko la Mwanjelwa hapa Mbeya aliambiwa mambo mawili yasiyoweza kuwa kweli kwa pamoja, na serikali ya chama kilekile, na waziri yuleyule. Mimi ninaamini mabadiliko yale yalikuwa sahihi na yaliokoa maisha. Ila yaliletwa kama vile neno la kwanza halikupata kusemwa. Hakuna aliyefika Uwanja wa Ruanda Nzovwe akawaambia watu wa Mbeya: tuliwaambia vile kwa sababu hizi, tumekuta hivi, ndiyo maana leo tunawaambia hivi. Mapendekezo ya kamati yalisomwa, magazeti yakayaandika, lakini kuna umbali kati ya kusoma mapendekezo na kumweleza mtu mzima kwa nini umegeuka. Mtu mzima aliyeulizwa na mwanawe "baba, mbona umebadilisha?" anajua kwamba lazima ajibu, la sivyo neno lake lijalo halitasikilizwa. Serikali haikujibu. Ndipo watu wakakaa wakajijibu wenyewe: wameahidiwa mkopo, wamelazimishwa na mabeberu, yule wa kwanza ndiye aliyesema kweli. Majibu hayo yalikuwa mabaya, lakini yalijaza nafasi iliyoachwa wazi.

Kimya cha takwimu nacho kilifanya kazi yake. Mtu hupima hatari kwa anachokiona na anachohesabiwa. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi Machi 2021 tulizika sana, na kwenye wasifu wa marehemu tulisikia "changamoto ya upumuaji". Viongozi wa Kanisa Katoliki walithubutu kusema: Machi 2021 Baraza la Maaskofu lilieleza kwamba mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki ndani ya miezi miwili wakiwa na matatizo ya kupumua. Idadi hiyo ilikuwa ya familia moja tu ya kidini. Nchi nzima haikuwa na hesabu yake. Basi chanjo ilipofika Agosti, wimbi likiwa juu, mwenye duka pale Kabwe aliuliza kitu kinyoofu kabisa: ugonjwa huu umeua wangapi hapa Mbeya? Hakuna aliyekuwa na namba ya kumpa. Kumwambia mtu achome sindano ya kujikinga na hatari ambayo mwaka mzima umekataa kuihesabu ni kumwomba akuamini tu.

Lakini swali lililonikaa zaidi, na ambalo nilisikia likirudiwa hadi na watu wenye shahada, ni hili: UKIMWI umetumaliza miaka arobaini na chanjo hakuna. Huu ugonjwa wa juzi, ndani ya mwaka mmoja chanjo ipo. Imewezekanaje?

Ni swali la watu wa nyanda za juu kusini. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022-23 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima yakiwa asilimia 4.4 nchi nzima, lakini Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Ni nadra kukuta ukoo huku ambao haukuzika. Kwa hiyo mtu wa huku akiuliza habari ya chanjo ya UKIMWI, anauliza kwa niaba ya kaka yake, shangazi yake, na watoto yatima aliowalea. Rais aliyetangulia aliligusa swali hilohilo kule Chato: kama wangeweza kutengeneza chanjo, ya UKIMWI ingekuwa imeshapatikana. Maneno yale yalishika huku kuliko nadhani mahali pengine popote, kwa sababu yaliingia kwenye jeraha.

Na jibu lilikuwepo, tena lilikuwepo hapa hapa jijini. Kituo cha utafiti wa tiba cha NIMR Mbeya kimeshiriki majaribio ya chanjo ya VVU tangu miaka ya 2000. Majaribio ya TaMoVac yalifanyika Dar es Salaam na Mbeya. Desemba 2020, mwezi mmoja tu kabla ya hotuba ya Chato, yalianza majaribio mengine ya chanjo ya VVU yaitwayo PrEPVacc, na Mbeya ikawa miongoni mwa vituo vyake pamoja na Dar es Salaam, Masaka nchini Uganda na Durban. Vijana wa mji huu walitoa mikono yao, wakatolewa damu, wakarudi kituoni mara kwa mara kwa hiari yao, ili dunia ijue kama chanjo ile inakinga. Mwisho wa 2023 uchanjaji katika majaribio hayo ulisimamishwa, kwa sababu ilionekana hakuna matumaini ya kuonyesha kwamba inakinga. Hiyo ndiyo sababu chanjo ya UKIMWI hakuna. Imetafutwa kwa nguvu na haijapatikana, na sehemu ya utafutaji huo imefanyika umbali wa nauli ya bajaji kutoka Mwanjelwa.

Kwa nini moja ilipatikana na nyingine bado? Wengi wanaoshikwa na Korona hupona. Mwili wenyewe hujifunza kumshinda adui, na kazi ya chanjo ni kuufundisha somo hilo kabla adui hajafika. VVU haiondoki mwilini yenyewe. Inaingia ndani ya chembe zilezile zinazopaswa kuongoza ulinzi, inajificha humo, na inabadilika sura haraka mno. Mwili haujui njia ya kuishinda, kwa hiyo watafiti hawana njia ya kuiga. Pili, chanjo za Korona hazikuanzia sifuri. Ndugu wa kirusi hiki, SARS ya 2002 na MERS ya 2012, walikuwa wameshachunguzwa, na ilijulikana sehemu ipi ya kirusi ilengwe. Mpangilio wa vinasaba vya kirusi kipya ulipowekwa hadharani Januari 2020, maabara zilikuwa na pa kuanzia. Na Janssen, ile iliyoletwa kwetu kwanza, imebebwa na kirusi dhaifu cha mafua kiitwacho Ad26, ambacho kilikuwa kimeshatumika katika chanjo ya Ebola iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2020, na kilikuwa kinatumika katika jaribio la chanjo ya VVU kwa wanawake wa kusini mwa Afrika, wakiwemo wa Malawi, Zambia na Msumbiji. Jaribio hilo lilitangazwa kushindwa tarehe 31 Agosti 2021, mwezi uleule Mbeya ilipokuwa inaanza kuchanja. Chombo kimoja, katika mwezi mmoja, kilikuwa kinawakinga watu na Korona na kimeshindwa kuwakinga na VVU. Tofauti ilitoka kwenye ugonjwa wenyewe.

Nimeyaeleza haya mara nyingi kwa watu waliokuwa wamekunja mikono. Si wote walioikunjua. Lakini sijaona hata mmoja aliyeshindwa kuelewa, na wengi waliniuliza: mbona hawakutuambia hivi? Watu waliokuwa na uwezo wa kulijibu swali hili kuliko wote Tanzania walikuwa wafanyakazi wa kituo kile na vijana waliojitolea kwenye majaribio. Kama wangepewa nusu saa kila wiki kwenye redio za Mbeya tangu Julai 2021, ninaamini tungesikia maswali tofauti kabisa Septemba.

Simu nazo zilikuwa zimeleta habari nyingine, na hii ilikuwa ya kweli. Aprili 13, 2021, Marekani ilisimamisha Janssen kwa muda. Wanawake sita, kati ya dozi karibu milioni 6.8 zilizokuwa zimetolewa, walikuwa wamepata damu iliyoganda pamoja na kupungua kwa chembe sahani za damu, hali adimu na ya hatari. Siku kumi baadaye ilirudishwa ikiwa na onyo. Miezi mitatu baadaye, chanjo hiyohiyo ikafika kwetu kama msaada kutoka Marekani kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo za Korona. Mwanamke wa miaka thelathini na tano aliyeyasoma hayo na kuuliza kama ni salama kwake hakuwa mpotoshaji. Alikuwa katika kundi la umri ambalo tatizo lile lilionekana zaidi. Alistahili kuambiwa ukweli mzima: hatari ipo, ni ndogo mno, dalili zake ni maumivu makali ya kichwa au ya tumbo au mguu kuvimba katika wiki chache za mwanzo, na ukiziona uje hospitali hii ukamwone fulani. Alichoambiwa na wengi ni kwamba chanjo ni salama, asisikilize maneno ya mitandaoni. Akarudi kwenye simu yake, ambako angalau kulikuwa na maelezo.

Kisha akapewa fomu ya ridhaa asaini. Kitabibu ridhaa ni haki ya mgonjwa, na ni jambo jema. Lakini katika maisha ya mtu wa kawaida wa hapa, hospitali humpa karatasi ya kusaini pale anapopelekwa chumba cha upasuaji, na kila mtu anajua maana yake: lolote likitokea, umekubali mwenyewe. Mtoto hajawahi kusainiwa fomu apate chanjo ya surua. Kwa hiyo yule aliyetoka nyumbani akiwa ameshaamua alifika dirishani, akaona karatasi, na uamuzi ukalegea. Dakika tano za mtu kumweleza fomu ile inalinda nini zingetosha. Foleni haikuwa na dakika tano.

Nikija kwa wanaume wa bajaji, mambo yanakuwa mepesi na magumu kwa pamoja. Dereva wa Kabwe–Uyole anayeendesha chombo cha mtu hujua kwamba jioni lazima apeleke hesabu, awe mzima au mgonjwa. Sindano inaweza kumpa homa na mwili kuuma siku moja au mbili, na hilo halikufichwa. Siku mbili ni hesabu mbili, na tajiri atampa mwingine chombo. Mama lishe wa Soweto naye akilala siku mbili, wateja wake wanahamia kwa jirani, na mtaji wa mchele na maharage unaliwa na watoto. Watu hawa hawakusimamishwa na falsafa yoyote. Waliniambia wazi kuwa wangechanja Jumamosi jioni wapate Jumapili ya kulala, lakini kituo kilikuwa kinafungwa mchana wa kazi, na mwanzoni vituo vyenyewe vilikuwa vichache na watu walitakiwa kujiandikisha kwanza. Shirika la Afya Duniani, katika kueleza kusita kwa watu kuchanja, linataja imani, kutoiona hatari, na urahisi wa kuipata huduma. Huo urahisi ndio ambao vikao vyetu huupita haraka kuliko vyote, na kwa maskini wa mjini ndio unaoamua.

Chini ya hesabu za siku mbili kulikuwa na hofu kubwa zaidi: nikidhurika kweli, nani atanitibu? Mtu asiye na bima, ambaye ameshauza shamba kumtibu mzazi, haoni hatari ya moja katika milioni kama anavyoiona mwenye bima. Kwake, hatari ndogo isiyo na mtu wa kuibeba ni kubwa. COVAX ilikuwa imeanzisha mfuko wa fidia kwa nchi 92 za kipato cha chini na cha kati, ili mtu atakayepata madhara makubwa ya chanjo hizo alipwe bila kwenda mahakamani. Ulikuwa mpango wa kwanza wa aina yake duniani. Katika miezi yote ile sikuuona ukitajwa kwenye bango lolote hapa jijini. Inawezekana waliona kutaja fidia kutawatisha watu. Kwa ninavyowafahamu watu wa Mbeya, kungewatuliza. Huku mtu hanunui hata simu ya mkononi kabla ya kujua ikiharibika atamrudishia nani.

Dini imelaumiwa kuliko ilivyostahili. Ni kweli Askofu Josephat Gwajima, ambaye pia alikuwa Mbunge wa Kawe, alihubiri dhidi ya chanjo kwa nguvu, na mahubiri yake yalifika hadi simu za vijijini Mbarali. Ni kweli pia kwamba nchi hii mwaka 2011 ilipanga foleni ya magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Masapila, na Mbeya haikubaki nyuma. Lakini waumini wa Mbeya wanakwenda hospitali. Makanisa yenyewe yanaendesha hospitali huku: Walutheri Ilembula na Itete, Wamoraviani Isoko na Mbozi, Wakatoliki Mwambani na Igogwe. Mtu anayeombewa asubuhi na kumeza dawa ya presha jioni haoni mgongano wowote. Maneno kwamba chanjo ni alama ya mnyama wa kitabu cha Ufunuo yaliwashika hasa wale ambao mchungaji wao alikaa kimya. Mchungaji aliyechanja na kusema madhabahuni kwamba amechanja, aliumwa mkono na usiku alipata homa, alimaliza mjadala huo kanisani kwake ndani ya Jumapili mbili.

Hofu ya utasa na ya kupungua nguvu za kiume ilikuwa kubwa, lakini sina mengi ya kuisemea. Haikuwa na msingi; wanawake waliochanja wameendelea kushika mimba na kuzaa, na wanaume vilevile. Ninachokumbuka ni kwamba wasichana wengi waliokuwa na hofu hiyo hawakuthubutu kumuuliza afisa wa kiume aliyesimama na kipaza sauti.

Kilichobadilisha mambo kinajulikana, ingawa sidhani tumekielewa. Septemba 2021 ulianza Mpango Harakishi na Shirikishi: wauguzi wakatoka kwenye majengo wakaenda masokoni, stendi, minadani, makanisani, misikitini, na baadaye nyumba kwa nyumba. Mwanzoni mwa 2022 Watanzania waliokamilisha chanjo hawakufika hata mmoja kati ya kumi. Kufikia 2023 zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa wamekamilisha. Maelezo ya kawaida ni kwamba huduma ilisogezwa karibu. Hilo ni kweli, na dereva wa bajaji aliyetaka Jumamosi jioni alipata anachokitaka. Lakini angalia kilichotokea chini ya ule mwavuli wa stendi ya Nane Nane. Muuguzi alikaa pale kutwa nzima. Hakuwa na foleni ndefu. Konda akipita anamchokoza: "Sista, hiyo si ndiyo inaua nguvu?" Sista anamjibu. Konda anarudi na mwenzake, wanaleta swali la UKIMWI. Sista anajibu anachojua. Siku ya tatu konda amevua koti. Kwa mara ya kwanza watu wazima wa jiji walipata kile ambacho mama mwenye mtoto amekuwa nacho tangu 1975, yaani mtu wa afya ambaye unaweza kumuuliza, ukaondoka, ukarudi.

Huku kwetu tuna mfano mwingine wa jambo hili, na nashangaa hautumiki. Dawa za ARV zilipoanza kutolewa na serikali mwaka 2004, ziliogopwa kuliko chanjo hii. Zilisemwa zinaua haraka, zinabadilisha umbo, ni za majaribio ya wazungu. Leo mkoani Mbeya maelfu ya watu wanazimeza kila siku. Matangazo yalisaidia kidogo. Kazi kubwa ilifanywa na kliniki za tiba na matunzo, ambako mtu mzima ana kadi na tarehe ya kurudi, na ilifanywa na WAVIU washauri, watu wanaoishi na VVU wenyewe, waliokaa benchi moja na mgonjwa mpya wakamwambia: mimi nilizianza mwaka fulani, mwezi wa kwanza nilitapika, niliota ndoto mbaya, kisha zikaisha, na unaniona. Hawakuficha kutapika. Kwa sababu walikiri hilo, waliaminiwa kwa mengine.

Njia hiyohiyo ndiyo ningeitaka kwa chanjo za watu wazima, na isisubiri janga. Magonjwa yanapita barabara ya Tunduma kila siku pamoja na malori ya kwenda Zambia na Kongo; Machi 2025 Tanzania ilithibitisha wagonjwa wake wa kwanza wa mpox (homa ya nyani), na madereva pale mpakani walianza kuuliza maswali siku hiyohiyo. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya 137,000 kwa nchi nzima katika miaka mitano, wakazi wa mitaa na vijiji wanavyohudumia. Hao ndio watakaogonga mlango wa Isanga au Iyunga siku dozi nyingine zitakapokuja. Mafunzo yao yana mengi ya usafi, lishe na mama na mtoto. Yaongezewe masomo mawili. La kwanza ni namna ya kumsikiliza mtu mzima anayesita bila kumkatiza, na kumjibu swali aliloliuliza, hata kama kipeperushi kina jibu la swali jingine. La pili ni namna ya kusema "hili bado halijajulikana, nitakuletea jibu Alhamisi", na kisha Alhamisi kurudi nalo. Na Jiji likae na NIMR pamoja na Hospitali ya Rufaa ya Kanda, wapange nani atakuwa anapokea maswali hayo kutoka mitaani na kuyajibu kwa siku ngapi, wakati ambapo hakuna anayekufa na kila mtu ana muda wa kusikiliza.